Mstari Ulioachwa na Msumari

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea fanya jambo moja dogo. Kama nyumbani kwenu kuna kabati au meza ya zamani, ile ya enzi za babu, iliyotengenezwa kwa mkono, vuta droo yake (wazee husema mtoto wa meza) mpaka itoke kabisa. Igeuze ubavu utazame pale mbao ya mbele inapokutana na mbao ya pembeni. Utaona meno yameshikana, na baadhi ya meno hayo yamekatwa yakapanuka kuelekea nje kama mkia wa njiwa aliyeutandaza. Ndiyo maana mafundi wanakiita kiungo cha mkia wa njiwa. Sasa sogeza jicho zaidi. Kwenye mizizi ya meno hayo, pale yanapoanzia, umepita mstari mwembamba kama unywele, umenyooka toka ukingo hadi ukingo. Haukuchorwa kwa penseli, umekwaruzwa kwa chuma. Fundi angeweza kuuondoa kwa randa au msasa, wala hakujisumbua. Alijua droo ikishafungwa hakuna atakayeuona.

Mimi nasema mstari ule ni maandishi. Tena ni maandishi ya watu ambao historia tuliyosomeshwa haikuwapa hata nusu ukurasa. Nilitoka sekondari nikiwa nakariri Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na orodha ya magavana mmoja baada ya mwingine. Magavana hao walikaa kwenye viti. Mkutano ulifanyika kwenye meza. Nani alizitengeneza hizo meza, na alijuaje kwamba mguu wa kushoto utalingana na wa kulia? Hilo halikuwa swali la mtihani. Basi mimi leo nalifanya swali la mtihani, na jibu lake linaanzia kwenye kidude kidogo cha mbao chenye msumari mmoja.

Mafundi wetu wanakiita geji. Ni kijiti cha mraba kilichopenyezwa kwenye kipande cha mbao chenye tundu katikati. Mwishoni mwa kijiti kuna ncha ya chuma. Unakisogeza kichwa juu ya kijiti mpaka umbali kati yake na ncha uwe ule unaoutaka, unakikaza, kisha unakiegemeza kichwa kwenye ukingo wa mbao na kukivuta. Ncha inakwaruza mstari unaokwenda sambamba na ukingo, tangu mwanzo hadi mwisho. Basi, kazi yake imekwisha. Ukimwonyesha mtu asiyejua ufundi atakuuliza, sasa hiki nacho ni chombo?

Ni chombo, bwana. Rula inakwambia namba, na namba inabidi uisome, uikumbuke, uihamishe, uweke alama. Kila hatua kosa linaweza kuingia, hasa jioni macho yakishachoka. Geji haijui namba. Unachukua unene wa mbao yenyewe, unaukaza kwenye geji, na kuanzia hapo mbao zote ishirini zitapata umbali ule ule hata kama hujui ni milimita ngapi. Tena mstari wa penseli una unene, na fundi hujiuliza akate ndani yake, juu yake au nje yake. Mstari uliokwaruzwa ni mfereji. Ukiweka makali ya patasi yanaingia yenyewe na kutulia. Hii tofauti kati ya kupima na kuhamisha ndiyo siri kubwa ya useremala wa zamani, na ukishaielewa utaanza kuiona kila mahali.

Nimetengeneza geji yangu mwenyewe, na kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi wengi ni watu wa kalamu na si wa randa, acha nieleze kwa utaratibu, maana hata historia yake haieleweki vizuri mpaka mkono uguse. Tafuta kipande cha mbao ngumu kilichokauka vizuri. Mninga unafaa sana, na kwenye karakana yoyote mabaki yake yamezagaa chini. Kijiti kiwe na urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 2 kila upande. Kipige randa mpaka pande zote nne ziwe sawa, ukikagua kwa skwea. Kichwa kiwe kama sentimita 6 kwa 6, unene sentimita 2 na nusu. Katikati ya kichwa chonga tundu la mraba ambalo kijiti kitapita kwa kubana kidogo, bila kucheza. Toboa kwanza kwa keekee, kisha nyoosha pembe kwa patasi, nusu ukitokea upande huu na nusu upande wa pili, la sivyo mbao itapasuka pale patasi inapotokea.

Cha kukikazia ni kabari. Panua tundu upande mmoja tu, lakini upanue kwa mshazari, mdomo mmoja uwe mpana zaidi ya mwingine. Chonga kabari nyembamba yenye mshazari uleule. Ukiigonga taratibu juu ya benchi, kichwa kinashika. Ukiigonga upande wa pili, kinaachia. Hakuna skrubu wala springi. Halafu ile ncha. Chukua msumari mdogo, toboa tundu dogo zaidi yake karibu na mwisho wa kijiti ili mbao isipasuke, ugongee mpaka utokeze milimita 2 au 3 tu. Ukate kichwa, kisha uunoe kwa tupa. Usiuache uwe na ncha ya duara kama sindano. Unoe ubapa uwe kama kisu kidogo, kwa sababu ncha ya sindano ikipita kinyume cha nyuzi za mbao inazichana badala ya kuzikata, na mstari unakuwa na manyoya. Huo ubapa ugeuze kidogo sana, kiasi kwamba unapovuta, wenyewe unakivuta kichwa kigande ukingoni.

Namna ya kuijaribu ndiyo iliyonifanya niipende. Unataka kupata katikati ya mbao bila rula? Kaza geji kwa kukisia. Kwaruza kidogo ukiegemea ukingo wa kushoto, kisha geuza uegemee ukingo wa kulia, ukwaruze tena. Utapata vistari viwili jirani. Katikati iko baina yao. Gonga kijiti kidogo, rudia. Vistari vinakaribiana, vinakaribiana, mpaka vinakuwa kimoja. Hapo umepata nusu kamili, hukutaja namba hata moja. Mtu asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo, na kwa maelfu ya miaka ndivyo ilivyokuwa.

Kidude cha pili ni kigezo cha mkia wa njiwa. Hiki chenyewe kina umbo la herufi T. Kichwa ni kipande cha mbao kilichonyooka, na shina ni kibao chembamba ambacho pande zake mbili zimekatwa mshazari. Mafundi wana kanuni kuhusu mshazari huo. Kwa mbao laini ni moja kwa sita, kwa mbao ngumu ni moja kwa nane. Maana yake, ukienda mbele hatua sita, au nane, unaingia pembeni hatua moja. Shina lenye urefu wa sentimita 5, kwa kanuni ya nane, litaingia milimita 6 na ushee kila upande. Mshazari ukizidi, pembe za mkia zinakuwa nyembamba na kuvunjika. Ukipungua, kiungo kinachomoka kama tundu la kawaida. Unaweka kichwa juu ya ncha ya mbao, shina linalala usoni, unapitisha kisu pembeni mwake. Mkia wa kwanza na wa mwisho watakuwa mapacha. Kukikagua, chora mstari, kigeuze, chora upande wa pili kwa shina lilelile. Mistari isipoinama sawasawa, rudi kwenye randa.

Sasa twende nyuma.

Wamisri wa kale walikuwa wanaijua kazi hii kiasi cha kutisha. Mwaka 1925 wachimbaji wa kikundi cha George Reisner walifika kwenye kaburi la Hetepheres, mama yake Khufu, karibu na piramidi la Giza. Samani zake zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 4,500. Mbao zilikuwa zimeoza na kusinyaa, lakini vipande vya dhahabu vilivyozivika vilibaki pale vilipoanguka. Watu wale wakaandika mahali pa kila kipande kwa uvumilivu, na kutokana na maandishi hayo kitanda, viti na nguzo za pazia vikatengenezwa upya. Fikiria mshikaji, mbao haipo, ila umbo lake lipo, kwa kuwa aliyeipima aliipima vizuri. Mwaka 1954 ikapatikana merikebu ya Khufu mwenyewe, ikiwa vipande vipande ndani ya shimo, mierezi ya Lebanoni, na ilipounganishwa ikawa na urefu wa zaidi ya mita 43. Mbao zake zilishikana kwa ndimi na matundu, zikafungwa kwa kamba.

Walipimaje? Kwenye kaburi la waziri Rekhmire kule Thebes, la karne ya 15 kabla ya Kristo, kuna picha ukutani za maseremala kazini, wengine wanapiga keekee ya upinde, wengine wanapasua, wengine wanachonga kwa tezo. Na mwaka 1886 lilifunguliwa kaburi la Sennedjem, aliyekuwa fundi katika kijiji cha mafundi waliochimba makaburi ya wafalme. Alizikwa na vyombo vyake vya kupimia: skwea ya mbao, kipimo cha usawa chenye umbo la herufi A na timazi yake, na kipimo cha kusimamishia ukuta. Mfalme alizikwa na dhahabu, fundi akazikwa na skwea. Mimi nikiulizwa yupi alichagua vizuri, ninalo jibu langu.

Uzito wa picha za Rekhmire ni kwamba hazikuchorwa na maseremala. Zilichorwa kwa ajili ya bwana mkubwa, kuonyesha mali iliyokuwa chini yake. Hilo ndilo tatizo la historia ya ufundi dunia nzima: anayejua haandiki, anayeandika hajui. Kwa hiyo nawaheshimu sana watu wawili waliovuka huo mto.

Wa kwanza ni Joseph Moxon wa London, aliyekuwa mchapaji na mtengenezaji wa ramani na tufe za dunia. Kuanzia mwaka 1677 alianza kutoa vijitabu kuhusu kazi za mikono, kimoja kimoja, kwa mfululizo: uhunzi, useremala, ukerezaji, na baadaye uchapaji. Vijana wenzangu mnaongoja sehemu inayofuata ya hadithi gazetini mtaielewa biashara yake. Ndani ya vijitabu hivyo ameeleza geji, ameeleza skwea, ameeleza namna ya kushika randa. Ni kweli picha zake kadhaa alizikopi kwa Mfaransa Félibien, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1676, na kwa sababu hiyo baadhi ya vyombo kwenye michoro yake vinafanana na vya Ufaransa kuliko vya Uingereza. Kukopi hakukuanza mtaani kwetu! Lakini maneno aliyaandika mwenyewe, na kabla yake hakuna aliyewahi kuwaeleza Waingereza useremala kwa mpangilio ule katika lugha yao.

Wa pili ni André Jacob Roubo wa Paris, aliyezaliwa 1739 na kufariki 1791. Huyu ndiye shujaa wangu, kwa sababu hakuwa mchapaji aliyechungulia karakana, alikuwa seremala mtoto wa seremala. Kitabu chake kikubwa kuhusu useremala kilianza kutoka mwaka 1769, chini ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi, kikiwa na mamia ya michoro, na mingi aliichora yeye mwenyewe. Watu wa chuo walizoea kuwahoji mafundi na kuandika kwa niaba yao. Roubo alikuja na kalamu yake. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tukiwa na cheti cha kidato cha nne tu, na bahasha zetu zinarudi toka kwa wachapishaji bila hata barua, tunayo sababu ya kulikumbuka jina hilo.

Na huku kwetu je? Kuna watu wanasema pwani yetu haikuwa na vipimo, eti kila kitu kilikisiwa. Si kweli. Kulikuwa na wanda, upana wa kidole. Kulikuwa na shibiri, toka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, kiganja kikiwa kimetandazwa. Shibiri mbili ni dhiraa, au mkono, na mikono minne ni pima. Lawama inayotolewa ni kwamba mikono ya watu hailingani. Naam, hailingani, lakini kwa fundi mmoja akitengeneza mlango mmoja mkono ni uleule, na akitaka kuuhamisha kwa msaidizi wake anakata ufito. Ufito ule ndio kipimo, mkono ulikuwa ni njia ya kuupata tu. Ni geji ileile kwa sura nyingine.

Tazama mtepe, jahazi la kushonwa la visiwa vya Lamu. Mwili wake haukuwa na msumari wa chuma. Mbao ziliwekwa ukingo kwa ukingo, zikashikwa kwa vijiti vya mbao na kushonwa kwa kamba za usumba zilizopita kwenye matundu. Tundu la mbao ya chini lazima litazamane na tundu la mbao ya juu, mamia kwa mamia, na mbao zenyewe zimepinda. Hapo rula haina msaada wowote. Unaiweka mbao juu ya mwenzake, unahamisha alama, unatoboa. Mfano mkubwa wa mtepe ulijengwa Zanzibar mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, na waliojenga walilazimika kuokoteza maarifa kwenye picha, vielelezo vidogo na kumbukumbu, kwa sababu mafundi wa asili walikuwa wameshaondoka na karatasi hawakuacha. Majahazi ya misumari nayo hadi leo wajenzi wengi wanayaunda bila mchoro, kwa jicho na vigezo vya mbao.

Milango ya Unguja na Lamu ni hivyohivyo. Watalii hupiga picha nakshi. Mimi nikipita Mji Mkongwe natazama mfaa, ule mti wa katikati ulioshikamana na ubao mmoja wa mlango na kuufunika ufa wa kati. Mlango huo hauna bawaba za kawaida. Mbao mbili zinazunguka kwenye vidole vilivyoingia katika matundu ya juu na ya chini. Kidole kikikosea kidogo tu, mbao hizo zitakwaruzana na mfaa hautalala. Nakshi nazo zinajirudia, ua kwa ua, na ua la kumi ni lazima lifanane na la kwanza, hivyo bikari na kigezo vilitangulia patasi. Tunajua jina la sultani aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, Barghash. Waliochonga milango yake wamebaki kuitwa mafundi, kwa wingi, kama mchanga.

Hapa naomba nibadili sauti kidogo, kwa sababu mpaka sasa nimekisifia kigezo kama bibi harusi. Kigezo kina upande wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linahitaji kapi za mbao za kupitishia kamba za matanga, na merikebu moja kubwa ya vita ilikula karibu elfu moja. Zilikuwa zinachongwa kwa mkono. Marc Isambard Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, akabuni mashine, fundi chuma Henry Maudslay akazitengeneza, na kati ya 1802 na 1806 zikafungwa Portsmouth. Mashine 45. Kila moja ilikuwa na vishikio vyake vya kuibana mbao mahali palepale kila mara, yaani kigezo kilichotiwa chuma na moshi. Mwaka 1808 zilitoa kapi 130,000. Inaelezwa kuwa watu 10 wasio na ufundi waliweza kufanya kazi ya mafundi 110.

Isome tena hesabu hiyo. Wale mia moja walikwenda wapi? Maarifa yaliyokuwa mikononi mwao yalihamishwa, kama mstari unavyohamishwa, kutoka mkono hadi chuma, na chuma kilikuwa na mwenyewe. Kigezo kikiwa mfukoni mwa fundi kinamwongezea ufundi. Kikiwa mali ya tajiri, tajiri hamhitaji fundi tena, anahitaji mtu wa kuvuta mkono wa mashine, na huyo anapatikana kokote, kwa mshahara wowote. Sisemi mashine zivunjwe. Nasema kila tunapoambiwa habari za maendeleo ya viwanda tuulize kigezo kimekwenda kwa nani.

Kuna kichekesho kimoja hapo njiani. Mwaka 1867 Mmarekani aitwaye Charles Knapp alipata hataza ya mashine ya kuungia droo. Kwa kuwa mkia wa njiwa ulikuwa mgumu kwa mashine za wakati ule, yeye akabuni kiungo kingine kabisa, chenye nusu duara na kijiti cha mviringo katikati ya kila nusu duara. Kilishika vizuri na kilikuwa kizuri kutazama. Lakini ilipofika karibu na 1900 kikawa kimeshapotea, kwa sababu mashine nyingine ziliweza sasa kukata mkia wa njiwa, na wanunuzi walikuwa wanataka kitu kinachofanana na cha mkono. Mashine ilimfukuza fundi, halafu ikaanza kuiga mwandiko wake! Ila mwandiko haukufanana sana. Mikia ya mashine yote iko sawa, upana sawa na nafasi kati yao. Ya mkono ina nafasi nyembamba, wakati mwingine nyembamba kiasi kwamba msumeno umepita kwa shida, na hiyo ndiyo ilikuwa majivuno ya fundi. Wanaofanya biashara ya samani za kale hutumia alama hizo kukisia umri wa kabati.

Ufundi wa shule ulitufikia kwa njia ya misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, wakiwakusanya watu waliokombolewa utumwani, na miongoni mwa mafunzo ilikuwemo kazi ya mbao. Kule Kenya serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi kwa Waafrika huko Kabete mwaka 1924. Mafunzo hayo yalikuwa na faida, sitaki kuwa mbishi. Lakini yalikuja na sanduku kamili la vyombo kutoka Ulaya, geji yenye shaba, skwea yenye chuma cha buluu, na mwanafunzi alipomaliza, sanduku lilibaki shuleni. Yeye alirudi nyumbani na mikono yake. Mafundi wa Kihindi mijini nao walichukua vijana kama wasaidizi, wakawaonyesha hili na kuwaficha lile, kama ilivyo kawaida ya kila fundi duniani anayeogopa mshindani.

Kutoka hapo vijana wakafanya nini? Wakajitengenezea. Mwingereza Kenneth King alichapisha mwaka 1977 kitabu kuhusu mafundi wa Kenya, wale walioitwa baadaye jua kali, na kinachoonekana humo ni jinsi watu waliotoka kwenye ajira za karakana za Wahindi walivyounda vyombo na vigezo vyao kwa vyuma chakavu. Kwetu Tanzania Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilitangazwa 1967, SIDO ikaanzishwa 1973, na hotuba zilikuwa nyingi. Sina ugomvi na hotuba. Ila naona kujitegemea kwa kweli kulikuwa kunatokea kimyakimya chini ya mabati, pale fundi aliposhindwa kununua geji dukani akagonga msumari kwenye kipande cha mninga.

Ukifika Keko, hapa Dar es Salaam, kwenye karakana za samani, usitazame makochi. Inua macho utazame ukutani. Utaona vimetundikwa vipande vya plaiwudi na habodi, vingine vyeusi kwa moshi na jasho: mguu wa kiti, mgongo wa kitanda, mkono wa kochi, mviringo wa kichwa cha kabati. Hiyo ndiyo maktaba yao. Baadhi vimeandikwa kwa penseli jina la mteja au mwaka, vingine havina neno. Mteja akija na picha aliyoikata kwenye gazeti, fundi anachora kigezo mara moja, na kuanzia siku hiyo karakana nzima inakijua kile kiti. Mtindo ukipita, kigezo kinasogezwa nyuma ya vingine, hakitupwi. Mzee mmoja fundi alinivulia vigezo vyake kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja alikuwa na habari: huyu alioa, yule alihamishiwa Mwanza, hiki walikikopi wa jirani usiku.

Nilitoa daftari nikaanza kuchora na kuandika. "Mwanangu," aliniuliza, "unaandika ili ukafungue karakana?" Nikamwambia hapana, naandika ili vijulikane. Alicheka sana, akaendelea kuvishusha.

Kuna jambo moja ambalo alilisisitiza na ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma. Kigezo hakinakiliwi kutoka kwa nakala. Ukichora kigezo kwa kupitisha penseli pembeni mwake, mstari unakaa nje kwa unene wa penseli. Ukikata juu ya mstari, kipya kimekuwa kipana kidogo kuliko cha zamani. Ukinakili hicho kipya, kinapanuka tena. Baada ya nakala tano au sita mguu wa kiti umenenepa na hakuna anayejua umeanzia wapi. Kwa hiyo kila karakana yenye akili ina kigezo mama. Hakifanyiwi kazi. Kimetobolewa tundu juu, kimetundikwa mbali na mikono ya vijana, na kinateremshwa tu pale kile cha kazi kinapochakaa.

Cha pale kwa mzee ni cha mguu wa kiti cha kulia chakula, umepinda kidogo kama shingo ya bata, wa plaiwudi ya zamani ambayo tabaka zake zimeanza kuachia. Niliuliza nani alikikata. Mzee akataja jina. Kijana aliyekuwa anapiga msasa akasema hapana, alikuwa ni fulani. Wa tatu, aliyekuwa amelala juu ya vumbi la mbao, akainuka na kumtaja mtu mwingine kabisa, marehemu, aliyetokea Lindi. Walibishana mpaka chai ikaletwa. Nimeyaandika majina yote matatu.